Inchi Nane, Mwisho Ngapi?

Kwa jumla iligharimu shilingi milioni moja, laki nane na elfu arobaini. Nimehesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilisahau mbuzi wa siku ya ufunguzi. Ndani ya pesa hizo kuna mabomba ya chuma, vali, saruji, fundi wa kuchomelea na wasaidizi wake, mnara mwembamba wenye moto juu, na mimi. Ukitoa rangi, mimi ndiye niliyekuwa kitu cha bei rahisi kuliko vyote. Kwa bei hiyo chama kimoja cha wafugaji, upande wa Kianjai, kilijipatia mtandao wa mabomba mwembamba kuliko unavyotakiwa, unaopita hatua chache kutoka mahali ambapo dada yangu husimama kazini.

Nina chumba cha kazi mjini Embu, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Mteja akipanda ngazi zangu huwa tayari ananukia dawa ya kupe. Nilisomea uinjinia, nikaenda Ghuba, nikafanya kazi miaka kadhaa kwenye mtambo wa gesi ambao moto wa mnara wake ulionekana kutoka kitandani kwangu. Huko ndiko nilikojifunza kazi ambayo hakuna jirani yangu hata mmoja anayeweza kuieleza: kupanga mabomba yanayobeba gesi ya ziada hadi ikachomwe, na kuigiza kwa kompyuta yatakavyofanya siku ambayo kila kitu kimekataa kwa pamoja. Kabla ya hapo nilikuwa nauza mitumba sokoni na mama. Kazi ya Ghuba ilinifundisha kwamba namba ni namba. Ya sokoni ilinifundisha kwamba namba ni mahali pa kuanzia mazungumzo.

Watu wakiniuliza nafanya nini huwa nawaambia wafikirie paa. Una nyumba tatu zilizopangana, na maji ya mapaa yote unayaleta kwenye mfereji mmoja hadi kwenye tangi. Mvua ya kawaida ikinyesha, mfereji mwembamba unatosha, na unajisifu umeokoa pesa. Ikija ile mvua ya mwezi wa nne, maji hayafiki tangini. Yanafurika mlangoni mwa nyumba ya kwanza. Gesi ni hivyo hivyo, ila gesi huioni ikifurika, na maji hayakuui ukiyanusa.

Wale wafugaji walikuwa na kiwanda kidogo cha maziwa. Mtu aliwashauri wajenge matangi ya kuozesha samadi, wapate gesi ya kuwashia jiko kubwa la kuchemshia maziwa. Wazo zuri, na nalisema bila kejeli. Matangi yalipangwa matatu. Gesi isipotumika haiwezi kuachwa tu ikae, lazima iende kwenye mnara ikachomwe. Mnara wenyewe kamati waliuita mshumaa, na jina likashika hata mimi nikalitumia kwenye ripoti.

Sasa sikilizeni ile siku mbaya inavyokuja, kwa maana si jambo la ajabu. Stima inapotea. Feni ya jiko kubwa inasimama, jiko linazima, hakuna anayetumia gesi. Yote inakimbilia mshumaani. Hiyo peke yake si mbaya sana. Mbaya ni stima ikirudi. Ndani ya kila tangi kuna mapanga ya kukoroga samadi. Yakiwa yamelala, gesi inajificha ndani ya ule uji kama povu. Stima ikirudi mapanga yote yanaamka kwa wakati mmoja, na gesi iliyokuwa imejificha inatoka yote, wakati jiko bado limezima kwa sababu linawashwa na mtu kwa mkono. Hapo ndipo bomba la kwenda mshumaani linapimwa uanaume wake. Likiwa jembamba, gesi inasukumana, inarudi nyuma, inatafuta mahali palipo dhaifu. Palipo dhaifu ni mtego wa maji, ambao umewekwa kwenye kila tangi, kama ile kona yenye maji chini ya sinki. Msukumo ukizidi, maji yanarushwa nje na gesi inatokea hapo hapo, chini, usawa wa kiuno cha mtu.

Nilikaa na hesabu hiyo wiki mbili. Niliigiza tangi moja, matangi mawili, matatu. Niliigiza stima ikipotea na stima ikirudi. Niliwapa inchi nne, nikaona kompyuta inakuwa nyekundu yote. Inchi sita ilipita kwa matangi mawili, kwa shida, kama mtu mnene kwenye mlango wa choo cha shule. Kwa matatu ilikataa. Inchi nane ikapita ikiwa na nafasi ya kutosha ya makosa ya fundi. Nikarudia tangu mwanzo kwa njia nyingine, kwa karatasi na kalamu, na jibu likawa lile lile.

Mkutano wa kamati ulifunguliwa kwa maombi. Mzee aliyeomba alimshukuru Mungu kwa ng'ombe, kwa mvua, kwa gesi, na kwa "huyu binti wa Embu ambaye tunaamini atatuhurumia." Nilipofungua macho chai ilikuwa imeshamiminwa, na nilijua soko limefunguliwa.

Nilieleza kila kitu. Nilichora nyumba tatu na mfereji. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyevaa koti la suti juu ya sweta, alitikisa kichwa mahali pote panapostahili kutikiswa kichwa. Kisha nikasema bomba kuu liwe la inchi nane.

Mweka hazina alikuwa mama mwenye biashara ya maharagwe, mwenye macho ya mtu anayejua gunia lako limejazwa mawe chini. Akauliza, "Mwisho ngapi?"

"Nane, mama. Nane ndiyo mwisho."

"Hiyo ni ya kuanzia."

"Mama, hii si bei. Ni upana."

"Kwani upana haulipiwi?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana alikuwa amenipiga vizuri.

"Sisi tulikuwa tumesema nne," akaendelea.

"Nne itaua mtu."

"Usitutishe, Injinia. Hata wauza dawa hutuambia hivyo. Tano?"

"Ya tano huipati dukani, mama."

"Umeona sasa? Amekubali kushuka ila duka ndilo limekataa." Akawageukia wenzake akasema kwa Kimeru kwamba mimi ni mtoto wa soko, kwamba mtoto wa soko akisema nane ameweka mbili za kurudisha. Kiembu na Kimeru havijaachana mbali hivyo. Nilisikia kila neno. Na kilichoniumiza ni kwamba alikuwa amenisoma sawasawa. Kama ningekuwa nauza blauzi ningeanza na kumi na mbili.

"Sita," akasema mwenyekiti, kwa sauti ya mtu anayeamulia watoto. "Injinia amesema nane, kamati imesema nne. Tukutane katikati, hakuna aliyeaibika."

Wakapiga makofi. Nilipigiwa makofi kwa kupunguziwa bomba. Mtu mmoja nyuma alisema, "Huyu binti ni muungwana, haringi."

Nimefikiria sana kuhusu makofi yale. Hawakuwa watu wabaya, na wala si wajinga. Kila kitu walichowahi kupata kwenye maisha yao walikipata kwa kushusha: ng'ombe, mahari, karo, saruji, bei ya wakili. Mtu akikutajia namba na ukaipokea ilivyo, umejidharau na umemdharau na yeye. Kule Ghuba ukimpa mtu upana wa bomba anakuuliza umeupata vipi. Hapa anakuuliza utapunguza vipi. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kusema, niliingia kikaoni na namba ya kweli mkononi, nikaiweka mezani uchi.

Nilirudi baada ya wiki moja na picha za kompyuta. Nilidhani rangi nyekundu itasema yale nisiyoweza. Mwenyekiti alivaa miwani akazitazama kwa heshima.

"Hii kompyuta yako imewahi kuona mtambo wetu?"

"Mtambo haujajengwa, Mwalimu."

"Basi imeota."

Kicheko tena. Nikasubiri kiishe. "Mwalimu, sita inatosha matangi mawili. Yakiwa matatu, siku stima ikirudi na mapanga yaamke yote..."

"Injinia. Mimi nina ng'ombe wanne. Unafikiri watazaa wote siku moja?"

"Ng'ombe wako hawajaunganishwa kwenye waya mmoja wa stima."

Hapo alivua miwani. Nadhani nilikuwa nimemfikia. Lakini mweka hazina akasema, kwa upole kabisa, akiniita binti kwa Kimeru, "Mwari, bomba tulishanunua." Akanipeleka dirishani. Yalikuwa yamelala uani, mabomba ya inchi sita, meusi, mapya, yameletwa na lori la shemeji yake. Aliniambia bei aliyoyapata. Ilikuwa bei nzuri sana. Sijui kama nimwambie mtu, lakini kwa sekunde moja nilimwonea fahari.

Kwa hiyo niliandika ripoti hivi: bomba la inchi sita litatumika kwa matangi mawili tu, na tangi la tatu lisiunganishwe kabla ya kuongezwa bomba lingine sambamba. Kamati nzima ikakubali, bila ubishi wowote, jambo ambalo lingenishtua kama nisingekuwa nimechoka. "Tangi la tatu ni la baadaye," mwenyekiti alisema. Kwenye miradi yetu baadaye huwa ni mbali. Nimeona misingi ya makanisa inayoota nyasi.

Yalibaki malipo yangu. Walitaka kukata elfu sitini. Nikakataa. Mwenyekiti akasema, "Basi tufanye hivi. Umesema una mdogo wako wa kike aliyesomea mambo ya maabara, yuko nyumbani Karurumo hana kazi. Tunahitaji mtu wa kuangalia mtambo. Sisi tunakata, na yeye tunamwandika." Ilikuwa nyongeza, kama yule mama wa mboga anayekuongezea kifungu kimoja ukishalipa. Nilihesabu mshahara wake wa mwaka mzima, nikaona nimewashinda. Nilimpigia simu nikiwa bado barabarani.

"Kazi gani?" akauliza.

"Ya kuangalia samadi."

"Dada, mimi nimesoma diploma niangalie samadi?"

"Inalipwa kila mwezi."

"Samadi ya ng'ombe wa aina gani?" akasema. Nikajua amekubali.

Siku ya ufunguzi walichinja yule mbuzi niliyemsahau. Mshumaa uliwashwa, na kila mtu alipiga picha akiwa ameuegemeza nyuma ya bega. Dada yangu alikuwa amevaa aproni ya bluu na buti za mpira, amejipaka rangi ya midomo. Mwenyekiti alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Injinia, iko wapi ile shida yako?" Nikamwambia bado iko njiani. Akacheka mpaka akakohoa. Alidhani ni mzaha.

Na kweli kwa miezi mingi hapakuwa na shida. Stima ilipotea, ikarudi. Matangi mawili, bomba la inchi sita, kompyuta ilikuwa imesema itapita na ikapita. Kila siku iliyopita salama ilihesabiwa upande wao. Nilikuwa nikipita Kianjai naambiwa, "Injinia, sita bado inafanya kazi!" Huwezi kumwonyesha mtu mvua ambayo haijanyesha.

Tangi la tatu nililisikia kwa bahati. Dada yangu alikuwa akilalamika kwenye simu kuhusu miguu, akasema, "Hebu fikiria, kuzunguka matangi yote matatu kila saa."

"Matatu gani?"

"Matangi."

"Ni mawili."

"Dada, mimi ndiye niko hapa. Ni matatu. Wameunganisha wiki iliyopita."

Niliketi. Nikamuuliza kama wameongeza bomba. Akaenda akaangalia, mtoto wa watu, na simu sikioni. Akarudi akasema ni lile lile, wametoboa tu na kuchomelea.

Nilimpigia mwenyekiti. Akaniambia wanachama walikuwa wanaleta samadi nyingi, haikuwa na pa kwenda, na fundi alisema bomba bado lina nafasi. Nilimuuliza fundi alipima na nini. "Aligonga," mwenyekiti akasema. "Aliweka sikio akagonga."

Siku tano baadaye, saa saba mchana, stima ilipotea Kianjai na kurudi baada ya nusu saa. Dada yangu alikuwa ameinama karibu na tangi la pili akiongeza maji kwenye mtego, kama inavyotakiwa. Alisikia mapanga yanaamka. Kisha maji ya mtego yakamrukia kifuani, na harufu ya mayai viza ikaja kwa nguvu. Halafu, alivyonisimulia mwenyewe, harufu ikaisha ghafla. Akafikiri imeondoka. Akabaki pale pale, akiokota kifuniko cha mtego.

Harufu haikuwa imeondoka. Gesi hiyo ikizidi, pua ndiyo inayokufa kwanza. Kilichomwokoa ni kwamba magoti yalilegea akaanguka upande wa ngazi za kushukia kutoka kwenye matangi, akabingirika chini mahali penye upepo, na mlinzi akamwona akamburuta kwa buti zake. Alitapika. Kichwa kilimuuma siku mbili. Kule kiwandani walimpa maziwa.

Nilifika asubuhi iliyofuata. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba aliyopanga, mtoto wake amelala mapajani, macho yake mwenyewe yamevimba.

"Usianze," akaniambia kabla sijasema kitu.

"Sijaanza."

"Nakuona unavyohesabu."

Nilikuwa nahesabu kweli. Nilihesabu hatua kutoka kwenye mtego hadi zile ngazi za kiwandani.

Kamati ilikutana kwa ajili yangu, na kwa hilo nawapa heshima yao. Walimsikitikia mgonjwa. Waliomba. Kisha mweka hazina akauliza kama dada yangu alikuwa amekula asubuhi ile, na mwingine akauliza, akiangalia chini, kama si mjamzito. Nikawaeleza tena nyumba tatu na mfereji. Nikasema bomba la pili litandikwe sambamba na lile la kwanza, na kwamba tangi la tatu lifungwe hata leo.

"Tukifunga, samadi ya wanachama tutaipeleka wapi?" mwenyekiti akauliza. Alikuwa amezeeka tangu ufunguzi, au labda ni mimi nilikuwa sijamwangalia vizuri. "Watasema kamati imekula pesa za tangi."

"Na mtu akifa?"

"Mungu apishe mbali."

"Mwalimu, Mungu hana vali pale."

Haikuwa lugha ya kutumia mbele ya wazee. Mweka hazina ndiye aliyenijibu. "Injinia, mwanzo ulisema nane tukanunua sita. Ikafanya kazi. Sasa unasema tuongeze lingine. Wewe unapata ngapi kwa kila bomba?"

Sikuwa nikipata kitu. Lakini kama ningekuwa mahali pake ningeuliza swali hilo hilo, tena mapema zaidi.

Basi nikafanya kile ambacho sijawahi kufanya katika maisha yangu. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku: bomba, fundi, usafiri, laki tatu na kitu. Nilikuwa nazo, za kununulia kiwanja. Nikasema, "Nitalilipia mimi. Lote. Nyinyi mtatoa ruhusa tu."

Vikombe vyote vilirudi mezani. Nilidhani wameguswa. Nilimtazama mweka hazina, nikaona macho yake yakifanya kazi, nikaelewa kwamba nimejimaliza. Hakuna mtu sokoni anayetoa bure. Anayetoa bure ana kitu anachoficha.

"Kwa nini?" akauliza taratibu.

"Kwa sababu ni dada yangu."

"Dada yako ungemtoa kazini ukaokoa pesa zako." Akawageukia wenzake. "Injinia anajua amekosea mahali kwenye hesabu zake. Anataka kurekebisha kimya kimya kabla hatujajua. Mimi sitaki mtu aguse bomba mpaka tujue alikosea wapi."

Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano: bomba lisiguswe. Nilikuwa nimekuja kuomba waongeze, nikaondoka wakiwa wamekataza. Mwenyekiti alinisindikiza hadi nje. Alisimama karibu na kibao chenye majina ya wafadhili, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ungeomba tukusaidie kulipa nusu, wangekubali." Alikuwa sahihi. Nikamuuliza kama naweza kurudi ndani nikaombe nusu. Akatikisa kichwa. "Sasa wameshaona mfuko wako."

Kuna ofisi moja ya serikali, ya usalama kazini, ambayo niliamini kazi yake ni hii. Nilipanda ngazi zake nikiwa na ripoti yangu na picha nyekundu. Ofisa alikuwa mpole. Alisoma yote. Akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikasema hapana. Akaniuliza kama mwajiriwa mwenyewe ameleta malalamiko. Nikasema hapana, anaogopa kufutwa. Akaniuliza ripoti inayosema mtambo uko salama ilitiwa sahihi na nani. Nikasema ni mimi, kwa matangi mawili. "Na mtandao wa matatu?" Nikasema hauna sahihi ya mtu. Alifikiri, akasema kwenye orodha yao mtambo huo umeandikwa kuwa na matangi mawili, kwa hiyo kwao hauna tatizo. Akanirudishia karatasi zangu zikiwa zimenyooshwa vizuri.

Dada yangu alirudi kazini wiki ile ile. Nilimwomba aache. Nilimwambia nitamlipa mshahara huo mimi mwenyewe.

"Mpaka lini?"

"Mpaka upate nyingine."

"Dada, nilikaa nyumbani miaka mitatu nikitafuta nyingine. Nina mtoto anaanza shule. Nina mkopo wa chama ambao unakatwa kwenye mshahara huo huo." Kisha akasema, bila hasira, na hapo ndipo paliponichoma zaidi: "Wewe ulisema nane, wao wakasema sita. Sasa niambie mimi nipumue inchi ngapi."

Amejitafutia njia yake. Stima ikipotea tu anakimbia, anapita mbele ya mitego yote mitatu, anafika kwenye swichi za mapanga na kuzizima kwa mkono, ili stima ikirudi yasiamke pamoja. Kisha anayawasha moja moja. Ni njia nzuri. Nilipoiingiza kwenye kompyuta, bomba la inchi sita likapita. Nilimwomba mwenyekiti aifanye iwe sheria, akafurahi sana, akasema, "Umeona? Kumbe ilikuwa mambo ya swichi tu." Swichi ziko upande wa pili. Hakuna njia ya kuzifikia bila kupita kwenye mitego. Fundi aliombwa azihamishe akataja bei, wakamwambia apunguze, akaenda zake, na bado wanamtafuta anayepunguza.

Kwa hiyo usalama wa kiwanda kile leo ni mbio za dada yangu, akiwa amevaa buti za mpira, kwenye zamu zake. Zamu nyingine yuko mzee mwenye mguu mbaya. Stima ikichelewa kurudi, dada yangu anafika. Ikirudi haraka hafiki, anakuwa katikati, mahali hasa ambapo picha yangu ina rangi nyekundu zaidi. Nimeigiza hilo pia. Sikumwonyesha.

Kila stima ikipotea huku Embu huwa nampigia. Najua ni waya tofauti, mji tofauti. Nampigia tu. Asipopokea nahesabu mlio, na akipokea ananiuliza, "Ni nini tena?" nami nasema ni salamu.

Nimejaribu kwa picha, kwa ukali, kwa pesa, kwa ofisi. Kamati inakutana tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na nimeomba dakika kumi. Sina la kusema ambalo hawajalisikia, na kila ninaloliongeza linaonekana kuwa bei mpya. Ninyi mnaosoma haya, mmekaa kwenye kamati za maji, za shule, za kanisa, za harambee. Pengine kuna mmoja wenu aliyewahi kuona kamati ikirudi nyuma kwenye jambo ambalo ilishalipigia makofi. Nisaidieni. Nimpeleke dada yangu asimame mbele yao aseme mwenyewe, na pengine afutwe? Nimtafute mtu mwingine, mgeni kabisa, aseme inchi kumi na mbili, wamshushe hadi nane? Au nimwendee mweka hazina nyumbani kwake kwanza, peke yangu, kabla ya Jumamosi? Na kama ni yeye wa kwanza, nikishakaribishwa chai, nianze na neno gani?